Kokteli ya Dawa: Onja kwanza, vodka baadaye

Wikendi imefika, jua ni kali na mabeste wanakuja kwako. Bei ya kokteli moja kwenye baa za mjini inaweza kukununulia ndimu za wiki nzima, basi mbona usijaribu mwenyewe?

Anza na Dawa. Si ile ya moto ya tangawizi na limau unayoagiza ukiwa na mafua. Nazungumzia ile baridi iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa 1980: vodka, ndimu, sukari, asali na barafu. Inafanana sana na caipirinha ya Brazil, ila Dawa huja na kijiti kilichopakwa asali. Unakoroga nacho ukiendelea kunywa, utamu ukiupima mwenyewe.

Nyumbani, kata ndimu vipande vinne, weka sukari kidogo kisha ponda taratibu kwa mpini wa mwiko. Ukiponda kwa hasira, ganda linatoa uchungu. Asali nayo haichanganyiki kwenye baridi, itatuama tu chini ya glasi. Iyeyushe kwanza kwa maji moto ya kiasi sawa, uiache ipoe. Halafu usibanie barafu! Vipande viwili vitatu huyeyuka haraka na kuacha kinywaji majimaji. Glasi iliyojaa barafu hukaa baridi kwa muda.

Mwagia maji ya soda, onja. Vodka bado. Manze, kama kinywaji hakikufurahishi kikiwa hivi, pombe haitakiokoa. Hapa ndipo pa kucheza: mnanaa, tango, tangawizi iliyokunwa, au madafu badala ya soda kama uko Mombasa. Mimi kura yangu ni kwa juisi ya ukwaju na chumvi kiduchu, lakini punguza ndimu kwa sababu ukwaju tayari ni mchachu. Rafiki asiyekunywa pombe, au aliye chini ya miaka 18, mpe glasi hii hii. Haijapungukiwa na chochote.

Kwa anayekunywa, pima vijiko viwili vya mezani, yaani mililita 30. Vodka ya asilimia 40 hapo ina mililita 12 za pombe halisi. Ukimimina kwa macho mpaka ifike mililita 90, umefikia 36, wakati bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina 21 tu. Na ndimu na asali zitakuficha usihisi, si unajua?

Chupa yenyewe je? Ikiuzwa kwa bei ya kutupa, shtuka. Februari 2024, watu zaidi ya 10 walifariki baada ya kunywa pombe haramu kijijini Kangai, Kirinyaga. Methanoli huwezi kuitambua kwa kuonja. Kabla ya kulipa, kagua stempu ya KRA kwenye chupa kwa programu ya Soma Label. Ikigoma kusomeka, rudisha chupa kwenye rafu. Ukwaju bado uko kwenye friji.