Jiwe la Chokaa na Namna ya Kulijua

Watu wengi wa vijiji vya upande wa Likasi wanasema: Jiwe ni jiwe tu. Hapana. Liko jiwe lenye kufaa kwa shamba na kwa nyumba, na liko lingine lenye kufanana nalo, lakini mkilitia katika tanuru mtapoteza kuni na nguvu zenu.

Jiwe la chokaa ni gumu, rangi yake kama majivu, pengine jeupe ao jeusi kidogo. Zamani sana, miaka zaidi ya milioni 600, bahari ilifunika inchi hii ya Katanga. Tope la chokaa lilishuka chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, likagandamizwa mpaka likawa jiwe. Mawe ya Kakontwe, karibu na Likasi, ni ya namna hiyo.

Jiwe lenye kudanganya watu ni gumegume. Pengine hukaa vipande vipande ndani ya jiwe la chokaa lenyewe.

Basi, shikeni kisu, mkwaruze. Jiwe la chokaa linatoa unga mweupe. Gumegume halitoi kitu. Kisu ndicho kinachoacha alama ya chuma juu yake. Kisha kamulieni ndimu juu ya ule unga. Ukitoa povu, ni chokaa. Tazameni kwa karibu, sababu povu la ndimu ni dogo.

Mimi mwenyewe sikufanya hivyo mara ya kwanza. Niliona mawe ya rangi ya majivu mtoni, nikaita vijana, tukajaza tanuru, tukachoma siku mbili. Mawe yalipasuka kwa kishindo kama bunduki, kipande kikamkata kijana mmoja shavuni. Tulipofungua, mawe yalikuwa mawe. Wazee walicheka, mimi sikucheka.

Jiwe la kweli likipata moto mkali wa digrii 900 hivi, hewa iliyofungwa ndani hutoka. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56. Mkilimwagia maji kidogo kidogo, linachemka lenyewe na kuwa unga. Watoto wakae mbali. Chokaa hiyo inaunguza ngozi na kupofusha macho.

Unga huo mtapaka ukutani. Shambani unaondoa uchachu wa udongo mwekundu uliooshwa na mvua nyingi, na maharage yanapata nguvu. Msiutie siku moja na mbolea ya mbuzi, sababu unafukuza nguvu ya mbolea. Utangulie kabla ya mvua za kwanza, mlime na kuuchanganya na udongo, kisha mngoje majuma machache ndipo mpande.