Ufunguo wa Ujumbe wa Siri: Faragha ya Raia na Kazi ya Polisi

Usimbaji ni kuugeuza ujumbe kuwa herufi na tarakimu zisizosomeka mpaka umfikie mwenye ufunguo wake. Tangu Aprili 2016, WhatsApp husimba ujumbe wa watumiaji wake wote. Mfugaji wa Kenyamonta, wilayani Serengeti, akimwandikia mwanawe aliyeko Mwanza kwamba ng'ombe wawili wameuzwa na ada ya shule imepatikana, maneno hayo husomeka kwenye simu zao mbili tu. Kampuni ya simu haiyaoni, wala WhatsApp yenyewe. Hivyo mwizi hapati habari kwamba nyumbani kuna fedha.

Kufuli hiyohiyo humsitiri pia gaidi na msafirishaji wa dawa za kulevya. Ndiyo maana serikali nyingi hudai njia ya kuifungua.

Nchini Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda mawasiliano ya faragha, lakini inaruhusu sheria iweke mipaka. Mipaka hiyo hailingani. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inamtaka polisi aende mahakamani kabla ya kunasa mawasiliano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru taarifa zitolewe bila hakimu kuhusishwa. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake. Aprili 2020, Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi, ikamtoza faini ya shilingi milioni 3.

Kudai ufunguo wa akiba kwa ajili ya serikali kuna hatari kubwa zaidi, kwa sababu ufunguo haumtambui anayeushika. Mwaka 2024 ilibainika kwamba wadukuzi waliingia katika kampuni za simu za Marekani na kuifikia mifumo iliyowekwa kwa ajili ya unasaji wa kisheria. Mlango uliotengenezewa polisi ukawa mlango wa wadukuzi.

Mizani ya haki ni amri ya mahakama inayomtaja mtuhumiwa, kosa lake na muda wa upekuzi, kisha simu yake ndiyo ipekuliwe. Mhalifu asakwe kwa jina lake. Kufuli ya mfugaji wa Kenyamonta isiguswe.