Gari ni kilomita 62,000? Angalia pedali kwanza

Kabla hujalipia hiyo gari ya mtumba kutoka Japani, tulia kidogo. Kuna mzee fundi huku Grogan, zamani alitengeneza ndege pale Wilson. Anasema ndege huhesabiwa saa za kuruka, na kila kazi hutiwa sahihi ya mtu. Gari je? Kilomita hurudishwa nyuma kwa dakika chache tu, na hakuna wa kuuliza.

Basi dashibodi ikisoma 62,000 na raba ya breki imelika, usukani unang'aa, shtuka. Belti ya taimingi nyingi hubadilishwa kwa kilomita kama 100,000. Ukidanganywa, inaweza kukukatikia barabarani na kuua injini. Itisha karatasi ya mnada. Muuzaji akizungusha maneno, rudi na pesa zako nyumbani.