Sura ya Sita: Jointi za Mozaiki ya Mawe

Watu wengi huchagua jiwe kwa wiki nzima, kisha grauti wakaichagua kwa rangi tu, wakiwa wamesimama mbele ya kaunta ya duka. Kwa vigae vikubwa kosa hilo halionekani sana. Kwa mozaiki linaonekana kila siku. Chukua vipande vya milimita 25 kwa 25, ukiacha jointi ya milimita 2: karibu asilimia 14 ya sakafu yako ni grauti. Kigae cha sentimita 60, kwa jointi hiyohiyo, hakifikishi asilimia 1. Anayetandaza mozaiki basi anatandaza vitu viwili, na hicho cha pili kinastahili kufikiriwa sawasawa na jiwe lenyewe.

Anayejenga Kililana, upande wa bara unaotazama ghuba ya Manda, yuko mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Bandari mpya ya Lamu, iliyozinduliwa hapo Machi 2012 na gati lake la kwanza kuanza kazi Mei 2021, imejengwa kwa zege. Ng'ambo ya maji uko mji wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nao umesimama kwa matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Waashi wa mji ule walikuwa na kanuni ambayo fundi wa vigae wa leo anaihitaji: kinachojaza kati ya mawe kisiwe kigumu kuliko mawe, wala kisiyazuie mawe kupumua.

Sababu yake ni chumvi. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, nalo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka hewani. Unyevu ule hutafuta njia ya kutoka, ukibeba chumvi. Jointi ikiwa ya chokaa, unyevu hutokea humo, chumvi ikagandia humo, na baada ya miaka jointi ndiyo inayoliwa. Utaikwangua na kuijaza upya. Jointi ikiwa ya saruji kali, njia hiyo imezibwa. Unyevu hutokea kwenye uso wa jiwe, fuwele za chumvi huvimba ndani ya vitundu, na jiwe huanza kumeguka unga. Tazama kwa karibu ukuta wa zamani uliozibwa kwa saruji: mawe yamerudi ndani, na jointi zimetokeza nje kama mbavu. Saruji imebaki nzima kabisa, ukuta ndio umeharibika.

Chokaa yenyewe ni jiwe lililozungushwa likarudi kuwa jiwe. Kilo 100 za matumbawe safi zikichomwa kwenye moto wa nyuzi 900 hivi hubaki kilo 56, maana hewa ya kaboni imetoka. Hiyo iliyobaki huzimwa kwa maji, ikaachwa ikomae ikiwa mbichi, na ikishajazwa kwenye jointi huvuta tena hewa ileile polepole. Ndiyo maana haikauki kwa haraka, na ndiyo maana hukubali jengo kusogea kidogo bila kupasuka. Mabirika ya nyumba za Lamu yalipigwa lipu ya chokaa na yakashika maji, kwa hiyo anayesema chokaa haiwezi bafu hajayaona.

Basi ukiwa na mozaiki ya matumbawe au jiwe jingine laini lenye vitundu, na jointi inazidi milimita 3, tumia chokaa iliyokomaa na mchanga uliochekechwa: sehemu moja kwa mbili na nusu au tatu. Mchanga wa ufuoni usiutumie, una chumvi. Maji nayo yawe matamu. Kisima kilicho karibu na mikoko mara nyingi hakikufai. Mji wa Lamu hutegemea maji yaliyohifadhiwa chini ya matuta ya Shela, na fundi mwangalifu huyathamini kama anavyoithamini saruji yake.

Kwa marumaru iliyong'arishwa mambo hubadilika. Jointi za mozaiki ya namna hii kwa kawaida ni milimita 2 au chini yake, na hapo nunua grauti ya saruji isiyo na mchanga. Chembe za mchanga hukwaruza marumaru wakati wa kusugua, na mikwaruzo hiyo haifutiki. Chagua nyeupe au rangi iliyokaribiana na jiwe. Grauti nyeusi juu ya marumaru nyeupe inavutia dukani, lakini rangi yake huingia kwenye vitundu vya kingo na kuacha kivuli kisichotoka. Epoksi hailiwi na chumvi wala haishiki doa, nami naikubali kwenye meza ya jikoni yenye jiwe gumu. Kwenye jiwe linalonyonya siikubali: hulitia giza kingoni na kufungia unyevu ndani.

Kabla ya yote, dondosha tone la maji juu ya kipande kimoja. Likizama na kuacha alama nyeusi ndani ya dakika tano, jiwe linanyonya; lipake sila ya kupenya, uiache ikauke, ndipo ujaze. Halafu jaribu grauti yako kwenye vipande vichache vilivyogandishwa ubaoni. Fundi anayekataa jaribio hili mtafutie mwenzake.

Siku ya kujaza, anza asubuhi. Wakati wa kaskazi jua na upepo hunyonya maji ya grauti kabla haijashika, ikabaki unga. Pangusa vigae kwa sponji yenye unyevu, pasiwe na maji yaliyotuama. Koroga unga hadi uwe mzito kama uji wa kulisha mtoto, uache dakika 10, ukoroge tena bila kuongeza maji. Maji ya ziada ndiyo huleta nyufa na rangi ya mabaka. Sukuma kwa mwiko wa mpira, ukiushika mshazari ukaikata jointi kwa pembe, ili ukingo wa mwiko usiichimbe. Jaza mita mbili za mraba kwa mara moja, si chumba kizima. Sponji iwe imekamuliwa sana, na maji ya ndoo yabadilishwe yakichafuka.

Pembe ambapo sakafu hukutana na ukuta usizijaze grauti. Weka silikoni, maana hapo ndipo nyumba husogea. Jointi za saruji zifunike kwa gunia lenye unyevu siku tatu, za chokaa zaidi ya hapo. Zikikauka kabisa paka sila mara ya pili. Tangu siku hiyo osha kwa maji na sabuni ya kawaida tu: siki na ndimu, wanazosugulia wengi, hula marumaru, matumbawe na chokaa kwa pamoja.