Kidonda cha kulalia hakingojei mashine

Katika wilaya za mikorosho na miembe kama Nachingwea na Ruangwa, anayeanguka vibaya kutoka mtini au kwenye bodaboda anaweza kuumia uti wa mgongo na asisimame tena. Utafiti wa majeruhi wa aina hiyo uliofanywa Kilimanjaro ulikuta kuanguka ndiko kulikoongoza. Akisharudishwa nyumbani, adui yake mkubwa ni kidonda kinachoota makalioni, nyongani au kisiginoni. Mfupa huikandamiza nyama kwenye godoro, mishipa midogo ya damu huzibika, na nyama huanza kufa huko ndani, karibu na mfupa. Ndiyo maana tundu dogo la juu huweza kuficha shimo kubwa.

Ndugu wanaosikia kwamba altrasaundi inatibu vidonda hivi wana haki ya kupewa jibu la kweli. Asili yake ni moja na ile inayoonyesha mtoto tumboni: mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii. Ya tiba hutetemeka mara milioni 1 hadi 3 kwa sekunde, na maabara imeonyesha kwamba mtetemo huo huziamsha seli zinazojenga nyama mpya. Kwa wagonjwa, mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walitangaza matokeo ya wagonjwa 88 waliofuatiliwa kwa wiki 12: waliopata mawimbi hawakupona zaidi kuliko waliowekewa mashine isiyotoa kitu. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, wa mwaka 2006 ulipata majaribio 3 tu, yenye watu 146, na haukuona ushahidi wa faida.

Mtu atasema majaribio madogo hayathibitishi kwamba tiba haifai, na kwamba zipo mashine mpya zinazopuliza ukungu wa maji ya chumvi juu ya kidonda bila kukigusa. Ni kweli, na utafiti uendelee. Hata hivyo, tuchukulie kwamba mashine inafaa: mgonjwa ataipata kwa dakika chache, kisha atarudi kulalia kidonda kilekile kwa saa zote zilizobaki. Hakuna mtetemo unaoweza kushindana na uzito wa mwili usiohamishwa. Nauli na fedha za familia zianzie kitandani.

Pingamizi zito zaidi ni la mama au mke anayelima mchana na kuambiwa amgeuze mgonjwa kila baada ya saa 2 usiku kucha. Hapo sayansi ina habari njema. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013, katika nyumba za kutunzia wazee, ulikuta kwamba kwa waliolalia magodoro mazito ya sponji, kugeuzwa kila baada ya saa 2, 3 au 4 hakukuleta tofauti. Godoro la sufi lililogandamana halimo katika hesabu hiyo, na kitanda cha kamba hakimo kabisa. Kila anapogeuzwa, ngozi ikaguliwe kwa mkono pia, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi: tafuta joto, ubaridi au ugumu usiokuwapo jana. Ukiupata, ondoa uzito hapo na usipasugue. Kidonda kikiwa cheusi, kikinuka au kikionyesha mfupa, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.