Jenereta Iliyosahau Kazi

Ilivutwa kamba mara moja tu ikawaka. Inanguruma nyuma ya pikapu, moshi unatoka, bodi nzima inatetemeka, lakini spika ziko kimya na balbu ya majaribio haionyeshi hata uzi mwekundu. Tulikuwa mazishini upande wa Litein, hema limesimamishwa pale majani ya chai yanapoishia, na mhubiri ameshashika maikrofoni.

"Hiyo imekufa," akasema mzee mmoja karibu nami.

Fundi wa spika hakubishana. Aliizima, akafungua kifuniko cha nyuma, akachomoa nyaya mbili nyembamba ziendazo kwenye vipande vya kaboni vinavyogusa rota. Kisha akafungua boneti ya pikapu, akavuta nyaya ndefu kutoka kwenye betri ya volti 12, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, akagusisha na kuhesabu hadi tano. Akarudisha kila waya mahali pake, akavuta kamba. Balbu ikawaka.

"Haikuwa imekufa, mzee," akasema. "Ilikuwa imesahau."

Nimeiwaza kauli hiyo mara nyingi, maana ni kweli tupu. Ndani ya jenereta hakuna stima iliyohifadhiwa. Injini huzungusha rota mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde, na rota ikiwa sumaku, koili za shaba zinazoizunguka hutoa stima. Tatizo ni kwamba rota ya jenereta ya aina ile huwa sumaku ya kweli pale tu inapopata stima, na stima yenyewe hutoka kwenye jenereta hiyohiyo. Nani aanze?

Huanza chuma. Mashine ikizimwa, chuma cha rota hubaki na chembe ya usumaku wa jana. Siku ikiwashwa tena, chembe hiyo huzalisha volti chache tu, zisizotosha hata kuwasha balbu. Lakini volti hizo hurudishwa kwenye rota, rota ikapata nguvu kidogo, ikatoa volti zaidi, nazo zikarudishwa tena, na kabla hujakunja kamba zimefika 240. Werner von Siemens alitengeneza mashine ya namna hii mjini Berlin mwaka 1866. Kabla ya hapo watu walitegemea sumaku za kudumu, zilizokuwa nzito na zenye nguvu kidogo. Kila jenereta ya aina hiyo hapa Kericho na Bomet huanza kazi kwa kukumbuka.

Na kumbukumbu hiyo hufutika. Miezi ya kukaa stoo huififisha. Joto kali huififisha, na mtikiso pia, nasi tunaifunga kwa kamba nyuma ya pikapu na kuipitisha kwenye murram iliyochimbwa na malori ya majani msimu wa mvua. Kosa letu kubwa zaidi ni kuizima huku spika na taa bado zinavuta. Mzigo huo huinyonya mashine inapopunguza mwendo, na rota inaweza kubaki tupu.

Kinachoniuma ni hatima yake. Nimeona jenereta nzima, injini safi, ikipimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na koili zake kukatwa kwa ajili ya shaba, wakati hakuna aliyeijaribu kwa betri ya gari. Kazi hiyo inataka fundi anayejua waya upi ni upi, kwa kuwa ukigeuza chanya na hasi unaweza kuunguza kidhibiti volti. Lakini ni kazi ya dakika kumi! Na kinga yake ni rahisi kuliko tiba: iwashe kila mwezi kwa robo saa, ikiwa na balbu au pasi ya kuvuta. Petroli nayo haitaganda kwenye kabureta.

Jambo jingine ambalo kwalo muuzaji hulaumiwa bure ni pumzi. Mji wa Kericho uko juu ya mita 2,000, na hapa kila funda la hewa ambalo injini inavuta ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Hewa hii inayowajenga wanariadha wetu huinyima injini nguvu, takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Mashine iliyoandikwa kilowati 2.5 huku haifikishi hata 2. Kabureta iliyopimwa kwa pwani huendelea kumwaga petroli ileile, ndiyo maana moshi ni mweusi na plagi zina masizi. Jeti ndogo zaidi itausafisha moshi na kuokoa mafuta, ila nguvu iliyopotea hairudi. Nunua kubwa kidogo.

Halafu mvua ya mchana. Ikianza tu, watu huifunika jenereta kwa turubai ikiwa inanguruma, na watoto wamejikinga ndani ya kebini ya pikapu, dirisha la nyuma wazi. Tafadhali, msifanye hivyo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ishusheni chini, mita sita au zaidi kutoka kwenye hema, moshi uende na upepo, na paa la mvua liwe juu yake, pande zote wazi. Jerikeni nayo ijazwe ikiwa chini ardhini. Kwenye bodi iliyotandikwa plastiki, cheche ya msuguano inaweza kuwasha mvuke wa petroli.

Kazi nyingine za jenereta mnazijua: harusi, mikutano ya injili, kampeni, kuchomelea geti, kunyoa, kuchaji simu, mpira wa usiku, na wapiga kambi wachache kando ya msitu wa Mau.

Mazishi yalipokwisha nilibaki kumtazama yule fundi. Alizima spika kwanza. Akachomoa balbu. Akaiacha injini izunguke tupu kwa muda, mkono wake juu ya tangi, ndipo akabonyeza swichi.