Mbegu 10, Njia 45

Katika skimu ya Madibira, wilayani Mbarali, mpunga hupita kitaluni kabla ya kuhamia majarubani. Na kabla ya kitalu, mkulima mwangalifu huijaribu mbegu: huhesabu punje 10, huzifunga kwenye kitambaa kibichi, hungoja siku chache, kisha hufunua. Tuseme zimeota 8. Mbegu hii ni nzuri, au ni bahati tu?

Hapo ndipo panapohitajika kanuni ya binomia, ile inayowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tano na sita.

Punje ama inaota ama haioti. Kuota tukuite a, kutoota b. Punje 10 basi ni (a + b) ikizidishwa kwa yenyewe hadi itimie mara 10, na kila jozi ya mabano inatoa herufi moja tu. Kuota 8 na kugoma 2 ni a⁸b². Hilo laweza kutokea kwa njia ngapi? Punje ya kwanza kugoma yaweza kuwa yoyote kati ya 10, ya pili yoyote kati ya 9 zilizobaki: jumla 90. Lakini kugoma kwa ya tatu na ya saba hakutofautiani na kugoma kwa ya saba na ya tatu, kwa hiyo tunagawanya kwa 2. Zinabaki 45.

Hiyo 45 ndiyo kizigeu, namba inayozidisha a⁸b². Huandikwa 10 juu na 2 chini ndani ya mabano, bila mstari katikati. Anayeisoma kama sehemu na kujibu 5 amekwisha kupotea. Alama hii aliileta Andreas von Ettingshausen wa Austria mwaka 1826. Vizigeu vyenyewe ni vya kale zaidi: al-Karaji wa Baghdad alivipanga kwa umbo la pembetatu yapata mwaka 1000, ingawa pembetatu hiyo imebaki na jina la Pascal, Mfaransa wa karne ya 17.

Turudi kwenye kitambaa. Ikiwa uotaji halisi ni asilimia 90, uwezekano wa kuota 8 barabara ni 45 × 0.9⁸ × 0.1², yaani karibu asilimia 19. Kuota 7 au pungufu ni asilimia 7. Kwa hiyo mbegu nzuri kabisa yaweza kumwangusha mkulima kwa punje 10 tu. Maabara za mbegu hupima punje 400, na hapo mbegu hiyohiyo kuotesha 280 (sawa na 7 kati ya 10) au pungufu ni jambo lisilotarajiwa hata kidogo.